Mbiu ya Utajiri

Hapo zamani, katika mji mmoja wenye kasri refu na vibanda vifupi, alikuwako Sultani aliyechoshwa na kilio cha maskini. Akashauriana na waziri wake siku tatu, kisha ikapigwa mbiu: "Tangu leo, kwa amri ya Sultani, raia wote ni matajiri. Atakayejiita maskini atachapwa bakora ishirini."

Basi alikuwako mjane aitwaye Bi Mize, mfuaji wa nguo za kasri, mwenye kanga moja tu. Akiifua, hujifungia ndani mpaka ikauke. Jirani yake, mzee Shekue, aliomba uji mlangoni pa tajiri mmoja, akachapwa hata akashindwa kuketi. Bi Mize akamkanda mgongo kwa maji ya moto, moyo ukimuungua.

Kulipokucha hakwenda kasrini. Aliwapitia wachota maji, wapishi na wazoa taka, akawaambia, "Jamani, tajiri hazoi taka za mwenziwe. Tusije tukavunja amri." Wakakaa mabarazani wakijipepea.

Ikawa siku ya nne mitungi ya kasri imekauka, jaa limefika dirishani, na Sultani yumo katika kanzu ile ile. Akaagiza Bi Mize aletwe.

"Ewe mwanamke, mbona huji kufua?"

"Maulana, nilifua nilipokuwa maskini. Uliponitajirisha, nami nimetafuta wa kunifulia, sikumpata."

Waziri akadakia, "Na atafutwe maskini mmoja, afanye kazi."

"Na atafutwe," akasema Bi Mize, "ila akiitika tu, ana bakora zake ishirini."

Sultani akainusa kanzu yake, akauliza taratibu, "Wataka nini?"

"Mimi sitaki kitu, Maulana, tajiri haombi. Lakini tajiri akifanya kazi, hulipwa ujira wa kitajiri. Na mzee Shekue alichapwa kwa njaa. Njaa haikusikia mbiu."

Sultani akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaamuru watumishi walipwe ujira wa kuwashibisha, na mzee Shekue apelekewe chakula kila siku kutoka jikoni mwa kasri, na aombwe radhi. Waziri akatakiwa kuandika mbiu mpya. Akakesha nayo, na alfajiri mji ukaisikia, maneno mawili tu: "Maskini wapo."