Firigisi Moja, Sahani Tatu

Sogeeni karibu, na wenye midomo myepesi mjizuie mpaka nimalize.

Hospitali moja ilikuwa na watu watatu wa kusifika. Zamda, mfagizi, alijaliwa pua. Muuguzi Ngwali alijaliwa mkono. Daktari Mkami alijaliwa subira, kitu adimu kuliko dawa.

Siku moja akaletwa Shamte, mpishi wa shughuli. Alikuwa na kisukari, lakini aliwaficha watu, maana nani atamwita mpishi asiyeonja halua? Alipotapika siku mbili akaacha na sindano zake za insulini. Alijiambia, "Sijala kitu, nijidunge ya nini?" Sasa anahema mbio, maneno yanamteleza, mdomo unanuka. Waliomleta wakacheka.

"Mlazeni tu, pombe itamtoka."

Zamda akaegemea fagio, akanusa. "Hii si pombe. Ni nanasi lililochacha. Dada yangu alinuka hivi hivi, tukamwacha alale, hakuamka. Mpimeni sukari!"

Wakampima. Sukari ilikuwa juu kupindukia.

Ikabidi atiwe maji, lakini mwili ulikuwa umekauka na mishipa imezama. Wauguzi wawili walichoma, wakatoka kapa. Ngwali akafumba macho, akapapasa mkono wa mzee. "Njoo baba, njoo, usione haya." Mshipa ukaja, maji ya chumvi yakaanza kuingia.

"Insulini sasa, upesi!" wote wakapiga kelele.

"Haraka ya nini?" akasema Mkami. "Nione kwanza potasiamu, chumvi ya damu inayoendesha moyo."

Kumbe ilikuwa chini. Insulini ingeishusha zaidi, na moyo ungesimama. Akamwongezea potasiamu, akangoja, ndipo akaanza insulini, akimpima kila saa mpaka hatari ikapita.

Shamte alipopona akawaalika nyumbani, akawapikia jogoo. Sasa, kwao firigisi hupewa mgeni wa heshima, mmoja tu, na kuikata ni matusi.

"Bila pua yangu mngemlaza moja kwa moja," akasema Zamda, akisogeza sahani.

"Na bila mkono wangu? Maji mngemtia kwa kijiko?" akauliza Ngwali.

"Bila mimi mngemuua kwa huruma zenu," akasema Mkami. Subira yote ilikuwa imemwishia.

Shamte akasimama na upawa hewani, machozi yakimlenga. "Miaka thelathini napakua, leo nimeshindwa. Nyote nawadai... hapana, nyote mnanidai uhai wangu!"

Haya, wenzangu, upawa ni wenu. Firigisi mngeitua kwenye sahani ya nani? Amueni upesi, paka wa Shamte ameshaamua.