Mikate Kumi na Minne

Waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali hawakuwa na ugomvi na asali, wala na kidole kimoja. Kidole kimoja hakimalizi kitu. Walichokiogopa ni tabia ya kuchovya leo, kesho ukachovya tena, na kila mara ukajiambia kwamba ni kidogo tu, mpaka siku unapoliinamisha buyu na lisitoe hata tone. Nani hajawahi kuchovya? Mimi mwenyewe sijitoi.

Palikuwa na mwokaji mikate aliyeitwa Moto Mdogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikasirika wala akikimbia. Yeye alikaa tanurini, mkewe akakaa kauntani. Kila siku walioka mikate mia moja na ishirini, na ikifika saa tatu asubuhi rafu zilikuwa tupu. Walipendana, walitaniana kutwa, na harufu ya mikate yao iliwaamsha majirani kabla ya jogoo. Mtaa mzima uliwaona matajiri. Wao pia walijiona hivyo.

Siku moja shule ya bweni iliyokuwa karibu ikawaomba mikate mia mbili kila siku kuanzia muhula mpya, miezi mitatu mbele. Hiyo ilikuwa neema iliyobisha hodi yenyewe. Ila tanuri lao moja lisingeweza kazi hiyo. Lilihitajika la pili, na la pili lilihitaji mkopo. Afisa wa mikopo wa benki alilipekua daftari la hesabu la mke, lililoandikwa kwa mwandiko safi usio na doa, kisha akalifunga taratibu.

"Mnauza vizuri, lakini hambakizi kitu," alisema. "Nileteeni akiba ya sehemu ya kumi ya bei ya tanuri kabla muhula haujaanza. Bila hiyo mkopo hakuna, na shule itatafuta mwokaji mwingine."

Walirudi nyumbani. Walipofika mume akasema, "Mke wangu, labda unakosea chenji."

"Mimi? Labda wewe unakosea mizani ya unga!"

Usiku huo walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea tangu waoane.

Bahati nzuri dada mkubwa wa mke alikuja kuwatembelea wiki ile. Alikuwa mkufunzi wa somo la fedha chuoni, mwanamke wa maneno mengi na chai nyingi zaidi. Alipoelezwa mambo yalivyo, alivuta kiti katikati ya gunia la unga na meza ya kukandia.

"Hivi shemeji," Moto Mdogo alimuuliza, "fedha nayo ni somo la kusomewa miaka? Si unapata, unatumia, yamekwisha?"

"Ndiyo maana yamekwisha kweli," alijibu shemeji mtu, na wote wakacheka. "Fedha ni elimu ya kujua pesa imetoka wapi, imekwenda wapi, na itarudi lini. Ina nyumba tatu. Ya kwanza ni fedha za mtu na familia yake: mshahara, matumizi, akiba, bima. Ya pili ni za biashara: mtaji, gharama, faida, mkopo. Ya tatu ni za umma: kodi na ushuru mnaolipa, zikageuka taa ya hapo nje na barabara inayowaletea unga."

"Na benki inakaa nyumba ipi?"

"Benki ni daraja. Inachukua kwa mwenye akiba, inampa mwenye haja, na yenyewe inakula riba njiani. Riba ni bei ya kungoja, maana pesa ya leo na pesa ya mwakani si mapacha. Na ni bei ya hofu pia, kwa kuwa mkopaji anaweza asirudishe. Ninyi, ninavyowaona, mmevunja ukuta kati ya nyumba ya kwanza na ya pili. Nipeni chaki."

Aliwapa masharti ya juma moja. Kila mkate utakaotoka bila kulipiwa, uchorewe mstari mlangoni; wa mume mweupe, wa mke mwekundu. Moto Mdogo aliona ni mchezo wa watoto. Lakini kila asubuhi akajikuta akichora: miwili ya chai ya nyumbani, mmoja wa fundi viatu kwa sababu ana hadithi tamu, miwili ya mlinzi, mmoja wa mtu aliyepita tu akasifia harufu. Mke naye hakubaki nyuma. Daftari lake halikuwa na kosa, maana kila mkate uliouzwa uliandikwa. Uliotoka bure haukuandikwa kabisa, kwani kwao huo haukuwa pesa, ulikuwa mkate tu.

Juma lilipokwisha walihesabu. Mistari ya mume ilikuwa hamsini na mitatu, ya mke arobaini na mitano. Tisini na minane kwa siku saba, yaani mikate kumi na minne kila siku.

"Sasa sikilizeni," alisema dada mtu. "Katika mikate yenu mia moja na ishirini, mia moja na mitano inalipa unga, kuni, pango, kodi na matumizi yenu ya nyumbani. Inabaki kumi na mitano. Hiyo ndiyo faida. Toa kumi na minne."

Moto Mdogo alihesabu kwa vidole. "Unabaki mmoja."

"Mnaamka alfajiri, mnaungua mikono, kwa ajili ya mkate mmoja."

Mke aliona aibu, akamshika mumewe mkono. "Nisamehe, nilikusingizia mizani."

"Na mimi nilikusingizia chenji."

Dada mtu aliutazama tena mlango. "Na hii mistari saba ya pembeni ni ya nani?"

"Yako, shemeji," alijibu Moto Mdogo kwa upole. "Mkate mmoja kila siku, tuliokuwekea kwa chai ya saa nne."

Alicheka mpaka machozi, kisha akafungua mkoba akalipa yote saba.

Tangu hapo kila mmoja alijipangia mshahara, na mkate wa nyumbani wakaununua kama wateja wengine. Ukarimu hawakuuacha, ila waliupimia: mikate mitatu kwa siku, basi. Fundi viatu alinuna siku mbili, kisha akaanza kununua. Miezi mitatu ikapita, akiba ikatimia, ikazidi kidogo.

Afisa wa mikopo alikuja mwenyewe kukagua. Akiwa na fomu mkononi, bado hajaisaini, alinyoosha mkono rafuni, akachukua mkate wa moto na kuumega.

Moto Mdogo alitazama sakafu. Tanuri lake lote lilikuwa ndani ya kalamu ya mtu yule. Mkewe alitabasamu.

"Karibu sana, bwana. Bei iko ukutani."

Afisa aliacha kutafuna. Alimtazama mama yule, akatazama bei, akaingiza mkono mfukoni na kulipa.

"Mtu anayenidai bei ya mkate wakati mkopo wake uko mkononi mwangu," alisema huku akisaini, "huyo atarudisha mkopo."

Muhula ulipofunguliwa, matanuri mawili yaliwaka, na wanafunzi wakala mkate wa moto. Mume na mke walikuwa na furaha isiyojificha, kwani walikuwa wamejua kwa mikono yao wenyewe kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.