Waranti ya Chui

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nimesikia watoto tu. Wakubwa nao waitike, maana hadithi ya leo ni yao pia. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Mdogo amsogelee mama yake, kwa kuwa hii inatisha.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kuendesha magari, palikuwa na Chui. Chui huyu alikuwa na yadi. Aliuza magari yaliyokwisha kutumika. Yadi yenyewe ilikuwa mbele ya pango lake, chini ya jabali. Magari yamepangwa mstari, yameoshwa, yanang'aa. Yana-ng'aa!

Wanyama walimwogopa Chui. Lakini Chui alikuwa na maneno laini, tena alikuwa na karatasi. Kila aliyenunua gari alipewa karatasi ya waranti. Imeandikwa hivi: gari likiharibika ndani ya miezi mitatu, Chui atalitengeneza kwa gharama yake, au atarudisha pesa zote. Pesa zote, jamani! Nani mwingine alitoa waranti kama hiyo? Hakuna.

Siku moja wakaja Digidigi wawili, mume na mke. Mume anaitwa Faki, mke anaitwa Siwatu. Walikuwa wakulima wa matikiti. Miaka yote walibeba matikiti kichwani mpaka gulioni, na Digidigi mnamjua alivyo, kamwili kadogo, miguu kama njiti. Walidunduliza misimu minne. Sasa wanataka pikapu.

"Yenu hii hapa," akasema Chui. "Ya bluu. Sikilizeni injini."

Akawasha. Mmmmm. Injini ikaunguruma kwa upole, mmmmm.

"Ikiharibika?" akauliza Siwatu.

"Mama, waranti si ipo? Mwenye gari anakuja na karatasi yake. Anakuja mwenyewe. Anakuja peke yake, nisije nikachanganya mambo ya wateja. Anaingia ofisini, tunazungumza."

"Ofisi iko wapi?"

Chui akaelekeza mkono pangoni. Mlangoni pana lango la mabati, liko wazi. Ndani, giza tupu.

Siwatu akasikia manyoya ya shingo yanasimama. Akamvuta mumewe pembeni. "Faki, tuondoke. Mimi moyo wangu hautulii."

"Moyo wako lini umetulia?" akajibu Faki. "Kwa Fisi hupewi waranti hata ya siku moja. Hapa tunapewa miezi mitatu!"

Wakalipa. Wakaondoka na pikapu.

Wiki ya kwanza, raha. Matikiti nyuma, wao mbele, upepo usoni. Wiki ya pili wakafika kwenye mlima wa kwenda gulioni. Gari likapanda kidogo. Likapanda kidogo. Mara ka-ka-ka-ka! Kwaruuu! Moshi puuu! Gari likasimama. Likaanza kurudi nyuma. Faki akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, Siwatu akaruka chini akatia jiwe kwenye gurudumu. Gari likatulia.

Nyati aliyekuwa akipita akalivuta kwa kamba mpaka gereji ya Fundi Nungunungu. Fundi akaingia uvunguni. Kwangu, kwangu, kwangu. Akatoka na kiganja kimejaa kitu kama uji mweusi.

"Mnaona hii?" akasema. "Unga wa mbao. Umetiwa kwenye giaboksi ili isipige kelele mnunuzi akisikiliza. Na injini imetiwa oili nzito ifiche ugonjwa wake. Gari hili lilikuwa limekufa siku nyingi."

"Kulitengeneza ni kiasi gani?" akauliza Siwatu.

"Spea na ufundi, zaidi ya nusu ya bei mliyonunulia."

Siwatu akaketi chini. Faki hakuketi. Faki akachomoa karatasi mfukoni, akaipunga. "Tusilipe hata senti! Imeandikwa! Chui atalipa. Nakwenda sasa hivi." Huyoo, akashika njia, tiki-tiki-tiki, vumbi nyuma yake.

Siwatu akabaki na gari. Akashusha matikiti kivulini yasipasuke kwa jua. Akasikia sauti. Cha-cha-cha. Akageuka. Miiba ya Nungunungu ilikuwa inagongana.

"Fundi, mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki."

"Miiba yako inalia, Fundi."

Nungunungu akatazama barabarani. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akamwonyesha bolti moja kwenye injini. Juu yake palikuwa na tone la rangi nyekundu.

"Hiyo alama ni yangu," akasema. "Kila gari ninalolifungua naliwekea. Hili nimelifungua mara mbili kabla yenu. Mara ya kwanza lilikuwa la Pongo. Mara ya pili lilikuwa la Ngiri."

"Wako wapi Pongo na Ngiri?"

"Walikwenda kudai waranti."

"Wakalipwa?"

"Chui alisema amewalipa, wakahamia mbali, naye akalirudisha gari yadini. Mimi nikakubali. Chui hupita hapa kila Ijumaa kuchukua spea, mama. Nikawa naogopa kuuliza. Lakini mke wa Ngiri bado yuko palepale. Hajahama. Kila siku anakaa njiani anamngoja mumewe."

Siwatu hakusubiri neno jingine. Akaacha gari, akaacha matikiti. Tiki-tiki-tiki-tiki! Miiba ya njiani ikamchoma, hakuisikia. Akavuka korongo. Akapanda kilima. Kifuani du-du-du-du. "Nisichelewe," akasema. "Nisichelewe. Nisichelewe."

Akafika yadi. Akamwona Mama Tandala na watoto wake watatu wanatazama magari. Akatazama pangoni. Chui yuko mlangoni, amempa mgongo. Anavuta lango la mabati kwa ndani. Kriii. Na mbele ya Chui, ndani gizani, Siwatu akaona kwato ndogo mbili. Kwato za Faki.

Siwatu angefanyaje? Ninyi mngefanyaje? Akiingia, watakufa wawili. Akilia, lango litafungwa.

Akapiga mluzi wa Digidigi ule wa hatari. Zzik! Zzik! Tandala wote wakainua vichwa. Kisha akaita kwa sauti ya uchangamfu, sauti ya mtu aliyekuja sherehe:

"Bwana Chui! Una wageni hapa! Hawa Tandala wanataka kuona jinsi unavyotimiza waranti. Mlete mume wangu nje, umlipe wakiona, wanunue na wao!"

Mama Tandala, naye hajui kitu, akaitikia, "Kweli kabisa! Mimi sinunui kabla sijaona."

Lango likasimama. Kimya. Nzi tu, zzzz. Kimya.

Kriii. Lango likafunguka. Chui akatoka anatabasamu, na mkono wake uko juu ya mgongo wa Faki. Faki amekodoa macho, hapepesi.

"Nilikuwa namhudumia," akasema Chui. "Leo sina pesa hapa. Nitawaletea nyumbani kwenu."

"Usijisumbue, bwana," akasema Siwatu. "Tumefuta dai. Hatudai kitu. Tunaomba tu twende."

Chui akamtazama Siwatu. Akawatazama Tandala. Akauinua mkono wake taratibu, ukucha mmoja ukatoka, ukapita mgongoni kwa Faki kutoka juu mpaka chini. Damu ikafuata mstari.

"Nendeni salama," akasema Chui.

"Tembea," Siwatu akamnong'oneza mumewe. "Usikimbie. Ukikimbia atakimbia. Tembea."

Wakatembea. Walipompita Mama Tandala, Siwatu hakusimama, hata kichwa hakugeuza. "Wanaoingia humo hawatoki," akasema chini chini. "Wachukue wanao." Mama Tandala akasema, "Watoto, tumesahau maziwa nyumbani," akawaswaga mbele yake. Hatua. Hatua. Nyuma yao wakawa wanasikia pumzi. Labda ilikuwa ya Chui, labda yao wenyewe. Walipofika kwenye kona, jamani, walikimbia!

Habari zikaenea bonde zima. Hakuna aliyekanyaga tena ile yadi. Chui akakaa na magari yake mpaka majani yakaota ndani, kisha njaa ikamhamisha.

Na ile pikapu? Siwatu na Faki walilipa matengenezo wenyewe, msimu baada ya msimu. Nungunungu alichukua pesa ya spea tu. Pesa ya ufundi aliikataa. Kisha akaenda kwa mke wa Ngiri, akamwambia asingoje tena.

Kidonda cha Faki kikafunga. Asubuhi moja wakiwa shambani, akasema mwenyewe:

"Ukutani mle kuna misumari. Kila msumari una karatasi ya waranti. Niliona ya Pongo. Niliona ya Ngiri. Zote zimegongwa muhuri: dai limemalizwa. Nikampa Chui yangu. Siwatu, hakuisoma. Aliigonga muhuri kwanza, pa! Akaitundika. Ndipo akaenda kufunga lango."

Basi, wasikilizaji wangu, ukipewa ahadi nzuri na mtu unayemwogopa, usiishie kusoma karatasi tu. Watafute walioahidiwa kabla yako, uwaulize walilipwa nini. Usipompata hata mmoja, ondoka. Nawe unayejua, usinyamaze.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami nanyamaza hapo.