Kola za Wanga Barazani

Paukwa?
Pakawa.
Nani anasimulia?
Wewe.
Na nani anajua kunishinda?
Kimya. Vizuri, tuanze.

Hapo zamani za kola za marinda aliishi bwana mdogo aitwaye Pimbi. Mdogo kweli: baba yake alimwachia jiwe moja na jina refu kuliko yeye. Akaoa mjane mwenye meno mazuri, wakazaa, wakala majani ya uwandani, uwanda wa wote. Majirani wakamtuma barazani kwa mfalme. Huko akakaa kimya miaka yote, na kwa hilo akapendwa.

Siku moja Kiboko akainuka, bum, bum. "Waheshimiwa, ule uwanda nauzungushia ua. Uwe wangu." Wenzake alikwisha kuwaahidi majani, kila mmoja fungu lake.

Pimbi akawafikiria wanawe. Watakula nini, jiwe? Akanusa hewa: mvua hiyo. Akainuka.

"Mheshimiwa Spika," akamwambia Kobe, "nina neno. Ila kwanza salamu."

"Salamu ni uungwana," Kobe akajibu.

Haya. "Twiga, hujambo? Mama watoto je? Shingo je?" Shingo njema. "Pundamilia, hujambo? Mama watoto je? Milia je?" Milia ipo.

"Fika kwenye hoja, kipande wewe," Kiboko akanguruma.

"Nimekufikia wewe, mzee. Kiboko, hujambo? Mama watoto je? Shingo je?"

Baraza likacheka. Kiboko hana shingo, na asiye na shingo hana kola. Wengine wote walivaa zao, zimetiwa wanga, zimesimama kama sahani.

Guru guru guru. To. To. Shaaaa.

"Nimemaliza," Pimbi akasema, akaketi.

Kobe akatangaza kama ilivyo desturi: "Wanaokubali watoke nje wahesabiwe. Wanaokataa wakae."

Kiboko akatoka, bum, bum. "Njooni, waheshimiwa, mvua tamu."

Twiga akaitazama mvua, akashika kola, akakaa. Pundamilia akaitazama mvua, akashika kola, akakaa.

"Twiga, si nilikuahidi majani?"

"Uliniahidi, mzee. Lakini wanga huu mke wangu ameutia tangu alfajiri. Nirudi nyumbani nimelowa, wewe utanilaza wapi?"

Kobe akachungulia nje. Mmoja. Uwanda ukabaki wa wote. Kiboko akarudi anachuruzika, akamkuta Pimbi amejinyoosha kwenye kiti cha mzee, kingali na joto.

Hadithi naitua hapa. Aliyeiona fupi airefushe mwenyewe. Na funzo lishikeni: mkaa bure si sawa na mtembea bure. Inukeni, msikae kama mawe. Hamniamini? Mwulizeni Kiboko, yeye ndiye aliyetembea.