Kobe Chini ya Ungo

Mzee mmoja alikuwa na kobe wa maji, na tangu mkewe azikwe hapakuwa na kiumbe kingine ndani ya nyumba ile ila wao wawili. Mkewe ndiye aliyemwokota kobe huyo kwenye dimbwi lililokuwa likikauka, akiwa mdogo kama kifuniko cha chupa. Alimtoboa tundu pembeni mwa ganda, akapitisha uzi mwekundu ili asipotee. Uzi ulikatika zamani. Tundu lilibaki.

Jina la mzee lilikuwa Chidawali. Ukungu ulimwingia macho yote mawili, na binti yake akamwita aende kwake, mbali, akafanyiwe upasuaji. Siku ya kuondoka alimbeba kobe katika beseni mpaka kwa jirani yake Damari, mjane mcha Mungu, ambaye hata sindano ya kuazima aliirudisha siku hiyohiyo.

"Mwanangu, nakuachia huyu," alisema. "Maji yake uyamwage yote, usiongezee juu. Jiwe lake liwemo, apande. Kila asubuhi umtoe aote jua. Na akiugua, nitumie salamu."

"Nenda kwa amani, Baba. Utamkuta vilevile."

Alisema hivyo kwa moyo safi, na kwa majuma mawili alitenda kama alivyoagizwa.

Asubuhi moja alikuwa akipepeta mtama uani, kivuli kikapita juu ya mikono yake. Mwewe alishuka, akanyakua kifaranga hatua moja tu kutoka kwenye beseni, akapaa naye akilia. Damari alibaki ameshika ungo. Kobe alikuwa juu ya jiwe lake, ameinua shingo, hana habari. Angechukuliwa yeye, angemwambia nini mzee?

Katika nchi ile kila kitu chenye thamani hufunikwa ungo: unga, chakula cha mgeni, hata kuku anayeatamia. Basi alimwingiza kobe ndani, akalisukuma beseni uvunguni mwa kitanda, akalifunika kwa ungo. Na ili ungo usiteleze, aliweka juu yake jiwe lilelile la kobe. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu, mpaka mwewe ahame.

Mwewe hakuhama.

Kilikuwa kiangazi, na kisima kilikuwa mbali. Kumwaga beseni zima la maji aliona ni dhambi. Akawa anainua ukingo wa ungo kidogo, anaongeza kata moja juu ya yale ya zamani, anatupia dagaa wawili, anafunika. Mwanzoni hakuangalia ndani kwa sababu ya haraka. Baadaye hakuangalia kwa sababu ya harufu. Mwishowe hakuangalia kwa sababu siku alizoacha kuangalia zilikuwa zimekuwa nyingi mno.

Wanawake wenzake wa kwaya walimuuliza, "Damari, mgeni wako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwangalieni, mwenzetu na kobe wake! Mzee akirudi si ataleta posa kabisa!"

Walicheka, naye akacheka. Lakini kila alipotamka lile "hajambo," ungo ulizidi kuwa mzito, na kuufunua kesho yake kukawa kugumu kuliko jana.

Alikuwa na desturi ya kuomba asubuhi na jioni, magoti yake yakiwa kando ya kitanda. Akiwa katikati ya sala alizisikia kucha zikikwaruza beseni, karibu kabisa na magoti yake. Krr, krr. Ndipo alipoomba kwa sauti kubwa zaidi. Tusimcheke, wengi wetu tumewahi kupaza sauti mbele za Mungu kwa sababu hiyohiyo.

Kisha jioni moja kucha hazikusikika. Damari alianza sala, akanyamaza, akasikiliza. Akaanza tena. Hakuweza kuimaliza.

Aliondoa jiwe, akafunua ungo. Maji yalikuwa meusi, mazito kama uji uliochacha. Kobe alikuwa hai, lakini macho yake yalikuwa yamevimba na kufumba, na Damari alipomgusa mgongoni, ganda lilibonyea chini ya kidole gumba kama kiazi kilichooza. Alirudisha ungo upesi. Akarudisha na jiwe. Kesho yake salamu zikafika: mzee anarudi Jumamosi.

Tangu saa ile Damari alijiona mlangoni pake, na watu wote, na mzee akiuliza mbele yao. Siku ya Ijumaa aliondoka na ndoo, akaenda mpaka lambo wanakonywesha ng'ombe, akasimama kwenye tope mpaka magotini, akipapasa. Jua lilipofika utosini alikuwa amempata kobe mwingine, wa kimo kilekile, ganda gumu kama sufuria.

Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akaweka msumari motoni. Kilichobaki ni tundu. Ila alitaka liwe mahali penyewe hasa, kwa maana mzee alilijua tundu lile kwa kidole. Kwa hiyo ilimbidi amtoe yule wa zamani, aangalie. Akamweka karibu na mlango, kwenye mstari mwembamba wa jua uliopenya chini ya ubao.

Kobe, macho yakiwa yamefumba, akanyoosha shingo, polepole, akauelekeza uso wake palepale penye jua.

Damari aliangalia lile tundu dogo alilolitoboa mwanamke aliyekwisha kufa ili kiumbe huyu asipotee. Aliutoa msumari motoni, akauacha upoe. Alimchukua yule wa lambo, akamrudisha kwenye tope lake, akarudi na ndoo tupu. Sasa hapakuwa na kitu chochote kati yake na Jumamosi.

Mzee alifika akiwa na fimbo, jicho moja limefungwa bendeji, la pili bado lina ukungu wake. Aliketi kwenye kigoda uani kwa Damari. Kando yake palikuwa na beseni, maji safi, jiwe limerudi mahali pake na kobe juu yake. Alitabasamu, akanyoosha mkono, kidole gumba kikitangulia. Na Damari akaona kwamba mzee haoni, na kwamba neno moja, "hajambo, amelala," lingetosha kumpatia yeye Damari siku nyingine moja. Ulimi wake ulikwishalizoea neno hilo.

"Baba, usimguse kwanza," alisema. "Nilimficha kwa kumwogopa mwewe. Kisha nikamficha kwa kukuogopa wewe."

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Halafu ukashuka. Kidole kilipita juu ya ganda, kikabonyea, kikasimama. Kikatafuta tundu, kikalipata, kikakaa hapo muda mrefu. Damari hakuthubutu kuinua uso.

"Ungenitumia salamu siku ile ya kwanza," mzee alisema mwishowe. Akainuka, akaiegemea fimbo yake. "Simchukui leo. Ganda likiwa gumu, ndipo nitakuja. Kaa naye hapa hapa, juani."

Akaenda zake, wala hakugeuka.

Hivyo kila asubuhi Damari humwaga maji yote, huweka beseni uani, naye huketi kando yake na fimbo mkononi, akitazama juu. Mwewe bado huzunguka. Sasa Damari anajua kwamba hiki ndicho alichoweza kufanya tangu asubuhi ile ya kwanza: kuketi karibu. Jua likipanda kidogo, hunyoosha kidole gumba na kukiweka juu ya ganda, apate kujua kama limeanza kukaza.

Nawe uliyekabidhiwa ulichokabidhiwa, mara ya mwisho uliufunua ungo lini?