Moto wa Siku Arobaini

Paukwa.

Pakawa.

Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, katika bonde lililozungukwa na milima pande zote, aliishi mwanamke mmoja jina lake Nakijwa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana. Mumewe alikuwa amesafiri mbali kutafuta chumvi, kwa hiyo nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Bibi Namkunda.

Bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mwanamke akijifungua, moto uliwashwa ndani ya nyumba yake, nao haukuzimwa mpaka siku arobaini ziishe. Aliyeuzima aliambiwa amezima ukoo wa mumewe.

Mwaka ule watu walichoma mashamba kabla ya kupanda, kama kawaida yao, lakini upepo haukuja. Siku ya kwanza haukuja, ya pili haukuja, ya tatu haukuja. Bonde likajaa weupe mzito, hata mtu akawa haoni zizi lake mwenyewe. Wazee wakasema, "Huu ni ukungu wa baridi. Ukungu hufukuzwa kwa moto." Basi kila nyumba ikafunga mlango na kuongeza kuni. Ukungu ukazidi. Wakaongeza kuni tena. Ukungu ukazidi tena.

Mtoto wa Nakijwa, mwenye siku ishirini tu, akaanza kukohoa.

Juu ya boriti palikuwa na kiota cha Mbayuwayu na makinda wake wawili. Mbayuwayu akainama akasema, "Nakijwa, nje kumejaa, ndani kumejaa. Mdogo atapumua wapi?"

Nakijwa akamgeukia mkwewe. "Mama, Mbayuwayu anasema hewa imejaa. Tupunguze moto kidogo?"

"Mbayuwayu ndiye aliyekuzalisha?" Bibi Namkunda akasukuma ukuni mbichi kati ya mafiga. "Mtoto anaona baridi huyo. Mfunike."

Nakijwa akamfunika. Hakuwa mtu wa kubishana.

Kesho yake asubuhi kinda mmoja alianguka karibu na jivu, amekufa. Mbayuwayu akasema, "Nakijwa, nje kumejaa, ndani kumejaa. Mdogo atapumua wapi?"

Bibi Namkunda akamtupa kinda nje, akaongeza ukuni.

Siku ya tatu akaanguka wa pili. Mbayuwayu hakulia. Akasema kwa sauti iliyokauka, "Nakijwa, nje kumejaa, ndani kumejaa. Mdogo atapumua wapi? Mimi nimeruka juu ya mlima. Kule jua linawaka, hakuna ukungu. Huu unatoka kwenye mapaa yenu. Wangu hawakuwa na mabawa ya kufika kule. Wako ana miguu yako." Akatoka mlangoni, asirudi tena.

Nakijwa akamtazama mwanawe. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, na titi alikuwa hashiki. Basi akainuka. Hakumwaga maji, maana kuni zilizomwagiwa maji hutoa moshi mara mbili. Alitoa kuni moja moja, akazifukia kwenye udongo uani, akayafunika makaa kwa jivu. Akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akashika njia ya mlimani.

Bibi Namkunda aliporudi kutoka kisimani alikuta mafiga yamepoa. Akamfuata mbio, akiita, "Umenizimia ukoo, wewe mwanamke. Mtoto wa mwanangu unampeleka wapi?"

Akamkuta kileleni, ameketi juani. Mtoto alikuwa amelishika titi, ananyonya kwa shida, anaacha, ananyonya tena.

Bibi alifungua kinywa kugomba, kisha akatazama chini. Bonde lilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Kutoka kila paa moshi ulipanda, ukafika mahali ukakosa njia, ukarudi ukawalalia wenyewe.

"Zile nyumba zinaungua?" akauliza.

"Hapana, mama. Watu wanaota moto."

Bibi akakaa chini.

"Kabla ya mume wako nilizaa watatu," akasema. "Wote walizaliwa majira haya ya kuchoma mashamba. Wote walikohoa. Mume wako peke yake ndiye aliyezaliwa wakati wa masika, upepo ukiwa mwingi."

Nakijwa akamkinga mtoto jua kwa kiganja.

"Kila walipokohoa, niliongeza kuni," Bibi akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Alasiri Bibi aliteremka, akaenda nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wafukie moto. Wengine walimcheka, wengine walimfukuza. Katika nyumba ya mwisho alikuta mtoto amekwisha kufunikwa shuka, na moto bado unawaka.

Ndipo watu wakasikia. Tangu hapo, upepo ukikosa kuja, mashamba hayachomwi, na kila nyumba hufukia moto wake. Moto mmoja tu huwashwa kule kileleni, kwa kuni kavu, wote wakapika zamu kwa zamu, kisha ukafunikwa. Mtoto mchanga hupashwa joto na mwili wa mama yake.

Binti wa Nakijwa aliishi, ingawa kifua chake kilibaki na mluzi. Bibi Namkunda aliusikia mluzi ule kila siku, naye hakuota moto tena, hata kwenye baridi kali.

Hadithi yangu inakomea hapo. Wewe uliye karibu na mafiga, toa ukuni ule mbichi, kisha fungua mlango.