Bakuli la Mwisho la Mwanakheri

Sogeeni niwasimulie upesi, kabla koo halijanikauka. Huko Kitoka kila Ijumaa wanawake waliyamwagia maji makaburi ya wazee, na zimwi la mchanga likakaa mbali. Ukaja ukame. Mwanakheri akabaki na bakuli moja tu la maji, na mwanawe Shee mgongoni analia kwa kiu.

Zimwi likaja, likafunika msikiti wa kale. "Mama Shee, maji ya bibi yako yako wapi?"

"Ngoja."

Likafunika kisima. "Maji, mama Shee!"

"Ngoja, nakuomba!"

Likafika kaburini kwa bibi. "Maji!"

Akamnywesha mwanawe yote. "Bibi, nisamehe," akalia, na kaburi likazama mchangani.

Shee akakua. Kila Ijumaa mama humpeleka pale penye mchanga mtupu. "Vua viatu, mwanangu. Hapo chini yuko bibi, amebeba kiu yako."